Maswali Yenu: Hivi Lions wamerudi tena kwenye ule ugonjwa wa marisiva?

Safari hii barua nyingi zimekuja za mpira wa Kimarekani, ule wa helmeti. Sijui kimewakuta nini. Nimechukua tatu maana zinagusana, na ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kuliko mhariri anavyopenda.

SWALI: Habari za kazi ndugu mwandishi. Mimi ni Mkongo wa Fizi, nimekaa kambi ya Nyarugusu kule Kigoma miaka tisa halafu tukaletwa hapa Grand Rapids, Michigan. Nafanya kazi kiwanda cha viti vya ofisini, zamu ya usiku. Mpira wa hawa watu nilikuwa siujui kabisa, kijana wangu ndo alinitia humo, sasa mimi ndo nimekuwa mshabiki wa Detroit Lions kumzidi yeye. Swali langu: kwenye drafti ya 2025 Lions walipanda juu raundi ya tatu wakamchukua risiva Isaac TeSlaa, na ili wampate wakatoa machaguo yao mawili ya raundi ya tatu ya mwaka unaofuata. Kijana ni wa Hudsonville, majirani zetu hapa hapa, kiwandani watu walishangilia kama wamepata harusi. Lakini kuna mzee mmoja Mmarekani nasimama naye kwenye mashine, yeye alinyamaza tu anatikisa kichwa, namuuliza vipi mzee akanambia "wameanza tena", akaendelea kufunga skrubu. Wameanza nini? Na kwani ni kosa timu kuchukua risiva mapema? — Baba K., Grand Rapids

JIBU: Baba K., huyo mzee msamehe bure, ana kidonda cha miaka zaidi ya ishirini na kila akisikia neno risiva kinatoneshwa.

Kwa wasomaji ambao mmeingia katikati ya hadithi: NFL, ligi yao kuu, ina timu 32, kila mwezi wa nne zinagawana vijana wanaotoka vyuoni, raundi saba, aliyemaliza mkiani anachagua wa kwanza na bingwa anachagua wa mwisho. Huo mgao ndo drafti. Risiva ni yule anayesimama pembeni, mwepesi, anachomoka mbio halafu kwotabeki, yule mrusha mpira wa timu, anamrushia anadaka, ndo anayeonekana kwenye kila klipu kwenye simu yako. Halafu kuna watu wa laini, yale majitu matano ya kilo 140, 150, yanayosimama mbele ya kwotabeki kuzuia asikanyagwe, na hao hakuna anayewajua majina mpaka siku mmoja wao akikosea.

Sasa sikiliza alichokiona huyo mzee.

2001 Lions walimkabidhi timu Matt Millen, jamaa ambaye kama mchezaji alibeba Super Bowl nne, ndo fainali ya ligi, akastaafu akawa mtangazaji kwenye TV, lakini kuendesha ofisi ya timu hajawahi hata siku moja. 2002 wakachukua kwotabeki, Joey Harrington, chaguo la 3, haya sawa. 2003, chaguo la 2: risiva, Charles Rogers, mtoto wa Saginaw, kasoma Michigan State, yaani mtoto wa nyumbani na watu wanashangilia (unaanza kuelewa kwa nini mzee alinyamaza?). Aliyefuata tu pale, chaguo la 3, Houston wakamchukua Andre Johnson, risiva pia, huyo leo yuko kwenye ukumbi wa magwiji. Rogers akacheza mechi tano akavunjika mtulinga. Mwaka uliofuata mechi ya kwanza kabisa, mchezo wa tatu tu, mtulinga tena. Mipira aliyodaka maisha yake yote ya NFL ni 36. Alifariki 2019 akiwa na miaka 38, Mungu amrehemu, huyo mimi simcheki hata kidogo, mfupa ukivunjika umevunjika.

2004, chaguo la 7: risiva, Roy Williams. Huyu alijua kazi, 2006 mipira aliyodaka ilifikisha yadi 1,310. 2005, chaguo la 10: risiva tena! Mike Williams, kijana ambaye msimu mzima uliotangulia hakucheza mpira wowote. Miaka mitatu mfululizo hiyo. Na ukitaka kulia angalia waliobaki mezani: chaguo la 11 Dallas wakamchukua DeMarcus Ware, mwindaji wa makwotabeki, naye yuko ukumbi wa magwiji. Na chaguo la 24, Green Bay, majirani na mahasimu wenu wakubwa, wakajiokotea kwotabeki Aaron Rodgers ambaye akakaa kwenye kundi lenu hilo hilo anawachapa miaka na miaka.

2006 wakapumua. 2007, chaguo la 2: Calvin Johnson. Risiva.

Na hapa ndo watu huwa wanakosea kusimulia, wanasema Millen alichagua vibaya, hajui kuona wachezaji. Hapana bana. Calvin Johnson ni moja ya marisiva bora walioumbwa, futi sita na inchi tano, anaruka kama kakanyaga spiringi, mabeki watatu wanamzunguka na bado anaushusha mpira. 2012 alipata yadi 1,964, rekodi ya ligi kwa msimu mmoja. Unajua Lions mwaka huo walimaliza vipi? Walishinda mechi 4, wakafungwa 12. Huyo ndo mtu mmoja bora duniani kwenye nafasi yake, ana mwaka bora kuliko mtu yeyote aliyewahi kuicheza hiyo nafasi, na timu imeshinda nne. Alicheza misimu tisa akastaafu hajashinda mechi hata moja ya pleiofu, zile za mtoano baada ya msimu. Millen mwenyewe walishamfukuza Septemba 2008, kashinda 31 kafungwa 84, na msimu ule aliowaachia wakafungwa mechi zote 16, timu ya kwanza kufanya hivyo. Mzee wako aliangalia zote. Kumi na sita. Labda kwenye baridi, labda na mtoto wake mdogo kavaa jezi.

Kwa nini inakuwa hivi? Kwa sababu risiva ni mtu wa mwisho kwenye mnyororo. Ili yeye adake lazima kwanza yule wa katikati atoe mpira vizuri, halafu watano wa mbele wasimame, halafu kwotabeki apate sekunde zake mbili na kitu, tatu akiwa na bahati, aone, arushe, na urushaji wenyewe uwe wa maana. Kimoja kikikatika, yule bwana wa chaguo la 2 yuko pembeni kule yuko peke yake kabisa anainua mkono, na kwotabeki yuko chini ya majitu mawili. Wewe ni mtu wa ziwani Baba K., umeona mtu ananunua mashine ya nguvu farasi 40 anaifunga kwenye mtumbwi unaoingiza maji? Mashine si mbovu. Tena ndo inazamisha haraka zaidi.

Ila nisiwe muongo, upande wa pili nao una hoja na ni hoja ya pesa. Toka 2011 mishahara ya vijana wa drafti imepangwa kufuatana na namba uliyochukuliwa, hakuna kubishana sana. Risiva mkubwa sokoni sasa hivi anazidi dola milioni 30 kwa mwaka, Justin Jefferson wa Minnesota 2024 alisaini miaka minne kwa milioni 140. Sasa ukimpata mtu kama huyo kwenye drafti unamtumia miaka minne kwa bei ya chini sana, na Jefferson mwenyewe alikuwa chaguo la 22 tu. Kwa hesabu hiyo mtu anasema chukua risiva mapema uokoe mamilioni. Naielewa. Lakini hesabu hiyo hiyo inasema pia marisiva wanapatikana chini huko, kuliko nafasi nyingine nyingi. Cooper Kupp raundi ya tatu. Tyreek Hill raundi ya tano. Antonio Brown alikuwa chaguo la 195. Puka Nacua chaguo la 177, na mwaka wake wa kwanza tu, 2023, akadaka 105 kwa yadi 1,486, rekodi kwa mgeni wa ligi. Sasa nitafutie takoli wa kushoto, yule wa pembeni ya laini, wa maana chaguo la 177, tutaonana jioni.

Na mfano mzuri kuliko wote ni hao hao Lions wako, ndo maana barua yako imenifurahisha. 2021 akaja meneja mpya Brad Holmes, drafti yake ya kwanza, chaguo la 7. Mezani kuna marisiva wawili watamu, Jaylen Waddle kaenda la 6, DeVonta Smith bado yupo. Timu haina risiva wa maana hata mmoja, mji mzima unasubiri risiva. Holmes akachukua jitu la laini, Penei Sewell. Kuna video yake mule chumbani anapiga kelele kama kashinda bahati nasibu, anapigana makumbatio, itafute. Risiva wake akaja kumchukua raundi ya nne, chaguo la 112, Amon-Ra St. Brown, kijana ambaye alikaa akahesabu marisiva wote waliochukuliwa mbele yake, kumi na sita, na anawataja majina kwa kichwa mpaka leo. 2024 St. Brown alisaini milioni 120 kwa miaka minne, na Sewell siku hizo hizo milioni 112. Nadhani unaona.

Hiyo laini ilikuwa inajengwa taratibu toka zamani, Taylor Decker raundi ya kwanza 2016, Frank Ragnow raundi ya kwanza 2018, Sewell 2021. Na ni BAADA ya hapo ndo Holmes akafanya kitu ambacho mzee wako lazima kilimpandisha presha: 2022 akapanda kutoka 32 hadi 12 kumchukua risiva, Jameson Williams, tena ana goti bovu, kaumia Januari ile ile. Miaka miwili ya mwanzo ikawa shida, goti, halafu akafungiwa kwa mambo ya kubeti. 2024 akapata yadi 1,001 na timu ikashinda 15 kati ya 17. Kabla ya hapo, Januari 2024, mlishinda mechi ya pleiofu ya kwanza toka Januari 1992, 24 kwa 23 dhidi ya Rams wa Los Angeles. Miaka thelathini na mbili mtu anasubiri. Sasa mzee akitikisa kichwa utamlaumu?

Kwa hiyo TeSlaa. Raundi ya tatu mimi siiiti mapema. Mwaka huo huo raundi ya kwanza Lions walimchukua Tyleik Williams wa katikati ya ulinzi, ya pili wakamchukua Tate Ratledge wa laini, yaani kwanza wanene halafu ndo mwembamba, mpangilio niupendao. Kinachonikera ni bei. Juni ile ile, drafti imeshapita, Ragnow akatangaza kustaafu, nguzo ya katikati imeondoka, na yale machaguo mawili ya raundi ya tatu mliyoyatoa ndo mahali watu kama hao wanapotafutwa. Ningekuwa mimi nisingelipa mawili. Moja, sawa. Mwambie mzee hawajaanza tena, ila wakichukua risiva raundi ya kwanza mara mbili zinazofuatana, hapo njooni wote wawili tulie pamoja.

SWALI: Sasa boss, sisi huku tuna watu wa mbio wa kila aina, mbona hakuna anayekwenda kuwa risiva NFL? — Msomaji, Nairobi

JIBU: Mbio peke yake haitoshi kaka, na ninyi mbio zenu nyingi ni za masafa marefu, mtu wa marathoni ukimgonga mara moja na wale jamaa unamuokota vipande. Risiva lazima ajue kudaka anageuka shingo huku kuna mtu anakuja kumvunja, na hicho wenzetu wanaanza na miaka saba. Mlango wetu ni raga. Daniel Adongo, Mkenya, alitoka raga akaingia Indianapolis Colts 2013 bila kuwahi kucheza mpira huu, Mkenya wa kwanza kucheza NFL, na walimpanga ulinzi, sio kudaka. Na yule Jordan Mailata wa Australia, raga pia, hajacheza hata mechi moja ya mpira huu maishani, Philadelphia wakamchukua 2018 raundi ya saba, chaguo la 233, wakamfundisha kusimama kwenye laini. Februari 2025 kabeba Super Bowl. Kwa hiyo ukiwa na kijana mkubwa mwenye miguu miepesi huko Nairobi usimkimbize, mnenepeshe.

SWALI: Kaka mwandishi shikamoo. Nakufuatilia toka zamani ila kwenye hili la kwamba laini kwanza naomba tubishane. Niko Cincinnati, mwaka wa kumi na moja huu. 2021 kila mtu humu mjini alikuwa anasema Bengals wamchukue huyo huyo Penei Sewell maana kwotabeki wetu Joe Burrow alikuwa katoka kuvunjwa goti. Wao wakamchukua risiva, Ja'Marr Chase, chaguo la 5. Na mwaka ule ule tukaenda Super Bowl! Chase yadi 1,455 mwaka wake wa kwanza. Unasemaje hapo? — Dada wa Cincinnati

JIBU: Marahaba dada. Nasema umenibana, na nilijua kuna mtu wa Cincinnati atakuja.

Chase kuchukuliwa la 5 halikuwa kosa, naandika kwa mkono wangu. Alisoma na Burrow chuo cha LSU, walikuwa tayari wanaelewana kwa macho, na kwotabeki mlikuwa naye, kwa hiyo nusu ya mnyororo ilikuwepo. Huwezi kumlinganisha na ile ya 2017 mlipomchukua John Ross chaguo la 9 kwa sababu alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.22, rekodi ya wakati ule, watu wakachanganyikiwa na saa, na chaguo la 10 Kansas City wakapanda wakamchukua kwotabeki Patrick Mahomes. Hiyo ndo drafti ya kuchagua kwa macho.

Lakini dada, hebu tuiangalie hiyo safari yenyewe. Kwenye pleiofu kule Tennessee Burrow aliangushwa mara tisa katika mechi moja, mkashinda kwa tatu. Tisa! Super Bowl na Rams akaangushwa mara saba. Na toka hapo? 2024 Chase akamaliza wa kwanza kwenye ligi nzima kwa vyote vitatu, mipira 127, yadi 1,708, tachidauni (yaani kufikisha mpira mstari wa mwisho) 17, na Bengals wakashinda 9 wakafungwa 8, pleiofu wakaiangalia kwenye TV. Nimetoka kumuelezea Baba K. habari za Calvin Johnson na 1,964 yake, sasa niambie tofauti ni nini. Halafu Machi 2025 wakampa Chase milioni 161 na mwenzake Tee Higgins milioni 115. Siwaonei wivu, wamevuja jasho, ila pesa ya laini itatoka wapi?

Najua hutaki kukumbushwa ila umeanza wewe. Mwisho wa ile Super Bowl, mko nyuma 23 kwa 20, sekunde hazifiki hamsini, jaribio la nne, ndo la mwisho, na mnahitaji yadi moja tu, mko katikati ya uwanja. Mpira unatolewa. Pembeni Chase anamuacha beki wa Rams, Jalen Ramsey, anamuacha kabisa, yuko mbele anakwenda na hakuna mtu mbele yake mpaka kwenye mstari. Kwotabeki anahitaji sekunde moja zaidi. Katikati Aaron Donald, jitu la ulinzi la Rams, keshapita, kamshika Burrow kiunoni anamzungusha, Burrow anautupa mpira huku anaanguka, unadondoka kwenye majani. Irudie hiyo video dada, usiangalie mpira, angalia kona ya juu ya skrini, utamuona Chase bado anakimbia.